Kadi ya Mtoto na Barua ya Ufukara

Katika hospitali ya Muhimbili, mjini Dar es Salaam, liko jengo la wodi liitwalo Sewahaji, na wagonjwa wanaolazwa humo, ambao aghalabu huwa na hamu zaidi ya kuijua siku ya kutoka kuliko asili ya jina, hawana desturi ya kuuliza Sewahaji alikuwa nani. Alikuwa Sewa Haji Paroo, Mhindi wa madhehebu ya Ismailia, tajiri wa Bagamoyo, aliyechuma mali yake kwa kuwauzia wasafiri wa bara vitambaa, shanga na waya, na kwa kuwatafutia wapagazi. Na kabla hajafariki mwaka 1897 alitoa fedha ili ijengwe Dar es Salaam hospitali ya watu wa rangi zote, kisha akausia kwamba mapato ya majumba yake ya Bagamoyo yatumike kuwalisha wagonjwa mafukara na kuwaauni wakoma. Hospitali hiyo ikachukua jina lake, ikawatazama maskini wa mji kwa zaidi ya nusu karne, hata mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, jina la binti wa kifalme wa Kiingereza, na baada ya uhuru jina hilo nalo likaondolewa likawekwa Muhimbili. La tajiri wa Bagamoyo likabaki juu ya mlango wa wodi.

Naanza na mtu huyu kwa sababu auni kwa jamaa maskini katika nchi zetu ilianza mikononi mwa matajiri na wacha Mungu kabla dola haijajitwika mzigo huo. Huko Unguja mwaka 1887 tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la jengo la matibabu ufukweni, kuadhimisha yubilei ya Malkia Victoria, akafariki mwaka 1891 pasi na kuliona limekamilika. Na kabla yake na baada yake, wenye nyumba na mashamba ya minazi na mikarafuu waliziweka mali zao wakfu, mapato yake yakaenda misikitini, visimani, kwa mayatima na kwa wajane, hata serikali ya Unguja ikaunda Kamisheni ya Wakfu mwaka 1905 ili amana hizo zisipotelee katika mifuko ya wasimamizi. Ihsani ya namna hii ina utukufu wake, wala si mimi wa kuitia dosari; walakini ina tabia moja ambayo msomaji aishike kichwani tangu sasa, nayo ni kwamba humtegemea mtoaji kwa kila kitu: yeye ndiye ajuaye atampa nani, kiasi gani, na mpaka lini. Fukara hana daftari la kufungua akaonyesha haki yake. Ana kungoja tu.

Ama malezi ya watoto, hayo hayakuwa hata na mfadhili. Mtoto alizaliwa mikononi mwa mkunga, mamaye akakaa ndani hata arobaini, akakandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na aliporudi shambani au kisimani, mtoto alibaki na bibi mzaa mama, au kama bibi hayupo, na dada yake mwenye umri wa miaka saba au minane, akimbeba mgongoni kwa kanga iliyomfunika mbebaji kuliko mbebwa. Wengi katika waandishi wetu wameusifu utaratibu huu kuwa ndio undugu wa asili. Mimi nausifu kwa kiasi. Maana yule dada wa miaka minane, aliyekuwa akimtuliza mdogo wake chini ya mwembe wakati kengele ya shule inalia ng'ambo, ndiye aliyelipa gharama ya undugu huo, na alilipa kwa sarafu isiyorudishwa, nayo ni miaka yake ya kujifunza kusoma.

Wakati wa Wajerumani na wa Waingereza sitakaa sana, kwa kuwa mambo yake kwa jamaa maskini yalikuwa machache. Wamisionari walifungua nyumba za uzazi, wakawaita akina mama walete watoto wapimwe. Serikali ya Waingereza, kuanzia mwaka 1926, iliziruhusu serikali za wenyeji kufungua zahanati ndogo zilizoshikwa na madresa, watu waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, ambao pengine walikuwa na moyo mwema kuliko maarifa. Na huyo dresa, pamoja na chupa zake na bendeji zake, ndiye aliyekuwa serikali nzima ya afya katika sehemu nyingi za bara. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, madaktari Waafrika walikuwa 12, na vituo vya afya vya mashamba vilikuwa 22 kwa nchi yote.

Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1964, kilitoka kitabu juu ya huduma za afya za Tanganyika kilichoandikwa na Richard Titmuss na wenzake. Titmuss alikuwa mwalimu katika London, naye kwao Uingereza alihesabiwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa waliotetea kwamba auni ya serikali kwa raia isiwe sadaka ya mwenye nacho kwa asiye nacho, bali iwe kitu cha watu wote, apewe tajiri na apewe maskini kwa mlango mmoja. Sidai kwamba fikira hii ililetwa kwetu naye. Wazee wetu wa TANU, chama kilichodai uhuru, walikuwa na yao wenyewe, na huko Unguja serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila malipo mwaka huohuo wa 1964. Lakini ni jambo la kutia maanani kwamba dola changa, yenye madaktari wa kuhesabika, ilianza safari yake ikiwa imekaa baraza moja na mtu aliyesema hivyo.

Azimio la Arusha la Februari 1967, lililotangaza ujamaa na kujitegemea, liliigeuza fikira hiyo kuwa siasa, na siasa ikachukua miaka kadhaa kuwa dawa na mzani. Katika mwaka 1973 redio ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakakusanyika katika vikundi vya kusikiliza, mwenye redio akiwa mwenyeji na mwenye kujua kusoma akiwa katibu, wakazungumza juu ya malaria, kichocho na kuhara damu, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Vituo vya afya vya mashamba, vile 22 vya wakati wa uhuru, vilipita 200 ilipofika mwaka 1980. Tena mwaka 1974 serikali ilianza kueneza nchini huduma ya afya ya mama na mtoto, ambayo mama wa Kitanzania aliifupisha kwa neno moja la kukopa, akaiita kliniki, hata ikawa kusema "leo nampeleka mtoto kliniki" hakuna maana ya kwamba mtoto anaumwa, bali kwamba siku yake ya kupimwa imewadia.

Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wasichana waliomaliza shule ya msingi, wakafundishwa kwa miezi 18, wakarejeshwa vijijini kuwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Nao ndio waliotundika mzani juu ya boriti ya zahanati au tawi la mkorosho, wakamvisha mtoto kisuruali cha turubai chenye matundu ya miguu, wakamning'iniza akilia mbele ya hadhara, kisha wakausoma uzito na kuutia nukta katika kadi. Chanjo zilifuatana kama ilivyopangwa: ya kifua kikuu begani, ya matone ya kupooza mdomoni, ya dondakoo, kifaduro na pepopunda pajani, na ya surua mtoto akikaribia kutimiza mwaka. Kabla ya hayo yote, akina mama walikaa juu ya mabenchi, wakasikiliza somo la uji wa lishe, jinsi ya kuchanganya unga na karanga na dagaa. Na mimi sijamwona mama wa rika lile asiyelikumbuka somo hilo, ingawa wapo wengi waliolisikia mara kumi na mbili bila kuwa na dagaa hata mara moja.

Kadi yenyewe inastahili kusemwa kidogo. Chati yake ya uzito ilitokana na kazi ya Dakta David Morley, Mwingereza aliyewatibu watoto wa Nigeria ya magharibi, aliyegundua kwamba nukta moja ya uzito haisemi kitu, bali mstari unaopanda au kushuka husema mambo mapema kuliko macho ya mama na kuliko macho ya daktari. Naye akaona kwamba kadi isikae kabatini kwa mganga, ikae kwa mama. Ikakaa kwa mama. Ikatiwa katika mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ndoa na risiti za kodi, ikafichwa chini ya godoro au katika sanduku la kanga, na nyumba ilipoungua moto, ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukimbiliwa. Na kadi hii haikuuliza habari za mali. Iliuliza jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la mama, na kijiji. Haikuuliza ng'ombe wangapi, wala ekari ngapi, wala bati au makuti. Mke wa mkuu wa wilaya na mke wa mvuvi asiye na ngalawa walikaa benchi moja, mtoto wa huyu na wa yule wakavishwa kisuruali kilekile, na aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kupimwa.

Hapa ndipo palipo kiini cha maneno yangu. Auni iliyotolewa kwa umri haimvunjii mtu heshima, kwa maana kila mtu alikuwa mtoto, na mimba haina tabaka. Lakini auni inayotolewa kwa ufukara haina budi kuanza kwa kumtaka mtu athibitishe ufukara wake, na kuthibitisha ufukara mbele ya jirani ni jambo zito, hasa kwa watu wetu wa pwani na wa bara ambao hufunga mlango wakati wa chakula ili mgeni asijue kwamba hakuna chakula. Nchi yetu ilianza na namna ya kwanza, ikahamia kwa sehemu kubwa katika namna ya pili, na habari ya kuhama kwake ndiyo nitakayoisimulia. Ila kwanza nimalize habari ya malezi, ambayo huachwa nyuma na waandishi wa historia ya tiba kama ambavyo mtoto wa pili huachwa nyuma akija wa tatu.

Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulioundwa mwaka 1962 na kuongozwa kwanza na Bibi Titi Mohamed, ulikuwa miongoni mwa wa mwanzo kulishika jambo la watoto wadogo kama shughuli ya umma. Katika miji na vijiji zilifunguliwa nyumba za kuwalea watoto mchana, ambazo watu waliziita shule za vidudu, kwa mapenzi wala si kwa dharau, kwa kuwa watoto wa umri ule hutambaa huku na huku na kuingia katika kila tundu. Vijiji vya ujamaa viliposhika, haja ikazidi, maana shamba la pamoja lilimtaka mama kwa saa maalumu, na mama hawezi kupiga jembe kwa mstari na wenzake huku mtoto akichezea moto nyumbani. Kijiji kilitoa kibanda, kikamchagua mlezi, kikamlipa kwa kadiri ya uwezo wake, ambao haukuwa mwingi. Watoto wakaletwa asubuhi, kila mmoja na kikombe chake, wakafundishwa nyimbo na kuhesabu kwa vijiti, wakapewa uji, wakalala chini juu ya jamvi. Mlezi aliyefundishwa vizuri alikuwa nadra. Aliyekuwa mvumilivu alipatikana.

Sheria nazo zikafuata, kwa mwendo wa sheria. Mwaka 1975 sheria ya kazi ilirekebishwa, mwanamke mwajiriwa akapata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye mshahara, awe ameolewa au hajaolewa. Na jambo hili la asiyeolewa lilizua maneno mengi mabarazani, wapo waliosema serikali inafadhili zinaa, lakini UWT, ambayo Sofia Kawawa aliiongoza kwa miaka mingi, ilishikilia kwamba mtoto hakuchagua ndoa ya wazazi wake. Naona walikuwa na haki, na hoja yao ni ileile ya kadi: tazama mtoto, usitazame mengineyo. Kisha mwaka 1981 ikapitishwa sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ikaamuru kila kituo kiandikishwe na kikaguliwe na watu wa ustawi wa jamii.

Mahali ambapo malezi na afya vilipata kuketi pamoja kwa hakika ni Iringa. Mwaka 1983 ulianzishwa mkoani humo mradi wa lishe, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za serikali ya Italia, ukaanza katika vijiji 168. Watu wa mradi walipouliza kwa nini watoto wa mkoa wenye mahindi tele wanakonda, walipata jibu ambalo wanawake wa Iringa walikuwa wakilijua zamani, ila hakuna aliyewahi kuwauliza: tumbo la mtoto ni dogo, halishibi ugali wa mara mbili kwa siku, lataka kulishwa mara nyingi kidogo kidogo, na mama wa kumlisha yuko shambani tangu alfajiri, kisha kisimani, kisha kuni. Chakula kipo, mikono ndiyo haipo. Basi vijiji vikafungua vituo vya kulelea na kulishia watoto wakati mama zao wamekwenda kazini, na kila baada ya miezi mitatu ikawekwa Siku ya Afya ya Kijiji, watoto wote wakapimwa, kadi zao zikatiwa alama ya kijani, ya kijivu au nyekundu, na hesabu ya wekundu ikapelekwa mbele ya serikali ya kijiji kama inavyopelekwa hesabu ya duka. Mwenyekiti akalazimika kueleza kwa nini wekundu wameongezeka. Wazee wa kiume, ambao tangu dunia iumbwe walikuwa hawajui mtoto wa jirani ana uzito gani, walikaa wakabishana juu ya ratili. Nadhani hilo ni miongoni mwa mageuzi makubwa yaliyopata kutokea katika mabaraza ya vijiji vyetu, nalo halina sanamu wala siku ya kukumbukwa.

Miaka hiyohiyo nchi ilikuwa imeelemewa. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, na mazao kushuka thamani, vilikausha hazina, zahanati zikabaki na mganga na benchi bila dawa; maboksi ya dawa muhimu yaliyoletwa kuanzia mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark na UNICEF yaliokoa maisha ya wengi, lakini boksi la mwezi lilikwisha kabla ya mwezi. Mwaka 1986 serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Vijiji vya ujamaa vikalegea, na shamba la pamoja lilipokufa, kibanda cha vidudu kilichojengwa kando yake hakikuwa na wa kumlipa mlezi. Hakikufungwa kwa amri. Kilibomoka paa, watoto wakarudi kwa dada zao.

Mwaka 1993 likaja neno jipya, kuchangia. Hospitali za rufaa na za mikoa zilianza kutoza ada, zikafuatiwa na za wilaya, na baadaye vituo vya chini. Haki isemwe: waliotunga utaratibu huo hawakuwa watu wasio na huruma, nao waliweka msamaha wa namna mbili. Wa kwanza ulikuwa wa makundi, nao uliwahusu wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wenye maradhi kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Wa pili ulikuwa wa mtu asiyejiweza, mwenye ugonjwa wowote, ikithibitika kwamba hana uwezo wa kulipa. Msamaha wa kwanza ulikuwa mtoto wa ile kadi ya mwaka 1974. Ulitazama umri na hali, na mama alipofika dirishani alionyesha kadi akapita, ingawa mara nyingi alipita akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Wa pili ulikuwa kitu kigeni. Ulihitaji barua.

Barua hiyo naijua, maana nilipata kufuatana na jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, katika hospitali ambayo sitaitaja, akiwa na mwanawe mwenye homa kali. Karani alimwuliza kwa adabu, "Mama, huyu mtoto ana miaka mingapi?" Naye, ambaye kwa kusema uwongo mmoja mdogo angeokoa siku mbili za taabu, akajibu, "Sita, mwanangu." Mtoto wa miaka sita hakuwa na msamaha wa umri. Akaelekezwa alipe, au alete barua ya mtendaji kwamba hana uwezo. Mtendaji alikuwa mkutanoni. Kesho yake alipatikana, akataka kwanza maneno ya mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe naye, aliyekuwa akimjua mama huyu tangu anaolewa, alisita, kwa kuwa mwaka ule mumewe alikuwa ameezeka chumba kimoja kwa bati, na mwenye bati huwaje fukara? Hatimaye barua ikaandikwa, ikapigwa mhuri, ikapelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii, aliyekuwa na chumba chenye msururu. Mtoto alikuwa amekwisha kutibiwa kwa fedha za mkopo kabla mhuri haujakauka. Nilipomwuliza mama yule kwa nini hakusema mitano, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Ili kuiepuka barua, ikatafutwa bima. Katika wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ulianza kujaribiwa mwishoni mwa mwaka 1995 Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2001: kaya ililipa mara moja kwa mwaka, katika halmashauri nyingi kati ya shilingi 5,000 na 10,000, baba, mama na watoto walitibiwa mwaka mzima, na kwa kila shilingi iliyochangwa na wananchi serikali iliongeza shilingi nyingine, utaratibu ambao watu waliupa jina zuri la tele kwa tele. Wa mijini uliitwa TIKA, yaani tiba kwa kadi. Tele ya kwanza ndiyo iliyokuwa na mushkeli. Mkulima hupata fedha wakati wa mavuno na huugua wakati wa masika, na aliyelipa akakuta zahanati haina dawa hakurudi kulipa mwaka wa pili. Kwa asiyeweza kabisa, sheria ilitaka kijiji kipendekeze na kata ikubali apewe kadi bure. Yaani barua ileile, imevaa kanzu nyingine. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wamekwisha kupata mfuko wao wa taifa wa bima ya afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, wakikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza nyingine 3.

Baada ya hapo kukaja mpango ambao kwa maoni yangu ulifanya jambo la ajabu: ulirudi kwenye kadi ya kliniki kwa njia ya mlango wa ufukara. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, uliokuwa umeundwa mwaka 2000, ulianza mwaka 2010 kutoa ruzuku ya fedha kwa majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ukaenea nchini kuanzia mwaka 2012 kwa jina la Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, na katika miaka michache ukafikia kaya zipatazo milioni 1. Mkutano wa kijiji ndio uliotaja nani ni maskini, kisha wataalamu wakapitia majina kwa dodoso lao. Na aliyetajwa aliitwa mlengwa, neno ambalo mshairi angelikataa, kwa kuwa linamfanya binadamu kuwa shabaha. Sehemu ya fedha ilifungwa kwa masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mwenye umri wa kusoma aende shule. Basi ile kadi iliyokuwa haki ya kila mama bila kuulizwa, sasa ikawa kwa maskini ushahidi wa utiifu, na alipokosa siku, ruzuku ilikatwa. Sisemi mpango haukufaa. Nimeona nyumba zilizopata mbuzi, na watoto waliopata sare za shule. Nasema tu kwamba mama tajiri akikosa siku ya kliniki hakatwi kitu.

Kwa watoto, ule mfuko wa taifa wa bima ulitoa pia Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, nao wazazi wa kipato cha kati waliipenda sana, hasa wenye watoto wagonjwa. Na kwa kuwa wenye wagonjwa ndio waliokimbilia kuandikisha na wenye wazima wakangoja, hesabu haikukubali, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watoto wakatakiwa waje kwa makundi kupitia shule zao. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima, na serikali iwabebe wasio na uwezo. Kwa mara nyingine tena, basi, kuna mtu atakayekaa mezani kuamua nani hana uwezo.

Na malezi? Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliagiza shule za msingi ziwe na darasa la awali, kwa watoto wa miaka mitano na sita, nao wakapata mahali. Wa miaka miwili, mitatu na minne hawakuwa wa shule wala hawakuwa wa kijiji. Sheria ya vituo ya mwaka 1981 ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, vituo vikawekwa chini ya sheria mpya. Mijini vikachipuka vya kulipia, vyenye michoro ya wanyama ukutani na magari ya kuchukua watoto, na mfanyakazi wa nyumbani, dada wa leo, aghalabu msichana aliyetoka bara kwa kuahidiwa kusomeshwa, akashika nafasi ya yule dada wa chini ya mwembe.

Wale wasichana wa miezi 18, waliokuwa na umri wa kati ya miaka kumi na minane na ishirini mwaka 1974, sasa ni wazee wa miaka sabini hivi. Na walezi wa shule za vidudu wengi wao ni wakubwa kuliko hao. Msomaji mwenye mama au shangazi miongoni mwao namwomba jambo moja, nalo halina gharama: akae naye jioni moja na daftari, amwulize kibanda kilikuwa wapi, uji ulitoka kwa nani, alilipwa nini, na watoto walikuwa wangapi, na kama ana kadi ya zamani katika sanduku lake, asimwache aitupe.